Anza na Kivuli: Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Habari za Anga kwa Mikono Yake

Mwulize mtoto wa darasa la nne habari za anga, naye atakutajia sayari zote nane kwa mfuatano, kuanzia Zebaki hadi Neptuni, bila kukosea hata moja. Mwulize tena: jana usiku mwezi ulikuwa upande gani? Kivuli chako cha saa tatu asubuhi huelekea wapi? Hapo atanyamaza. Mtoto huyo si mzito wa kuelewa. Amefundishwa anga kama majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na hakuna aliyemwonyesha kwamba anga lenyewe liko juu ya paa la kwao, linaonekana bure, na linapimika kwa kijiti na kamba.

Makala haya ni ya wazazi, walezi na walimu wanaotaka kufuata njia nyingine. Ushauri wangu ni huu: mpe mtoto anga la mahali anapoishi kabla hujampa anga la kitabuni, na mpe kazi ya mikono kabla hujampa maelezo. Kila zoezi lianze kwa kukisia. Mtoto aseme anachodhani kitatokea, akichore au akiandike, ndipo afanye na kupima. Aliyekisia hulisubiri jibu kwa hamu, na hata akikosea atataka kujua kwa nini. Aliyepewa jibu kwanza hana cha kusubiri.

Anza na kivuli. Tafuta kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja, ukisimike wima kwenye uwanja ulio sawa, mbali na kivuli cha nyumba na miti. Kuhakikisha kimesimama wima, tumia timazi ya fundi, au jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kila baada ya nusu saa, mtoto aweke kokoto pale ncha ya kivuli ilipofika, na aandike saa yake kwenye daftari. Jua likikaribia utosi, aongeze kasi, aweke kokoto kila baada ya dakika tano. Kabla hajaanza, mwulize: kivuli kitakuwa kifupi zaidi saa ngapi? Karibu kila mtoto atasema saa sita kamili.

Haitakuwa saa sita kamili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko magharibi ya mstari huo, kwa hiyo jua hufika kileleni dakika 23 hivi baada ya saa sita, kwa wastani wa mwaka. Nairobi ni kama dakika 33 baada ya saa sita, na Kigoma ni karibu saa saba. Mtoto wa Kigoma na binamu yake wa Dar es Salaam wakifanya zoezi hili siku moja na kupigiana simu jioni, watakuta vivuli vyao vifupi vimepishana kwa dakika 39 hivi. Watakuwa wameona kwa vipimo vyao wenyewe kwamba jua halifiki kileleni kwa watu wote wakati mmoja, na hapo ndipo maelezo ya dunia kujizungusha kwenye mhimili wake yanapopata pa kukaa. Kivuli kile kifupi nacho kinalala juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Bila dira, uwanja umepata pande zake nne.

Kwa familia za Kiislamu, zoezi hili lina mlango mwingine. Wakati wa adhuhuri huingia jua likishapinduka, na wakati wa alasiri hupimwa kwa urefu wa kivuli. Mwalimu wa madrasa na mwalimu wa sayansi wanaweza kabisa kulisimamia pamoja, na nawashauri wafanye hivyo, kwa sababu mtoto hufaidika sana akiona watu wazima anaowaheshimu wakiwa na jambo moja mkononi.

Rudia zoezi lilelile Juni na Desemba. Juni, kivuli cha adhuhuri kitalala upande wa kusini. Desemba, upande wa kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka kitatoweka. Sisi tunaoishi kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni tunapitiwa na jua utosini hasa, jambo ambalo mtoto wa London hatalishuhudia kamwe akiwa kwao. Kwa Dar es Salaam ni karibu na tarehe 4 Machi na tarehe 10 Oktoba. Kwa Mombasa ni karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Mwanza, tarehe 14 Machi na 29 Septemba. Nairobi, tarehe 17 Machi na 26 Septemba. Watoto wasimamishe chupa, makopo na vijiti, wao wenyewe wasimame uwanjani, watazame kivuli kikijikusanya chini ya nyayo hadi kisionekane. Kama mawingu yataziba siku yenyewe, siku moja kabla au moja baada yake inatosha. Sijui zoezi jingine linalomwambia mtoto kwa nguvu kiasi hiki kwamba mahali anapoishi ni mahali pazuri pa kujifunzia anga.

Wakubwa kidogo, wa darasa la sita na kuendelea, wanaweza kwenda mbali zaidi na kuipima dunia. Mgiriki Eratosthenes alifanya hivyo huko Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwa kulinganisha jua la adhuhuri la Syene, ambayo leo ni Aswan, na kivuli cha Aleksandria. Sisi tuna Tanga na Mtwara, miji miwili iliyo karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na umbali wa kilomita kama 580 kati yake ukipimwa kwa mstari huo. Shule moja ya Tanga na moja ya Mtwara zichague siku moja ya mwezi Juni. Kila shule isimike kijiti cha mita moja na ipime kivuli kifupi cha siku. Tanga watapata sentimita 54 hivi, Mtwara 67 hivi. Wakichora pembetatu hizo kwa rula na kupima pembe ya jua kwa protrakta, tofauti kati ya miji hiyo itakuwa nyuzi 5 na kidogo. Duara zima lina nyuzi 360. Gawanya 360 kwa tofauti hiyo, zidisha kwa 580, na jibu litaangukia karibu na kilomita 40,000, ambao ndio mzunguko wa dunia. Hata wakikosea kwa kilomita elfu tatu au nne, wasifute. Wakae wajadili kosa lilitoka wapi: kijiti kiliinama? Uwanja ulikuwa na mteremko? Majadiliano hayo ni sayansi kamili.

Baada ya kivuli, mwezi. Hapa nawasihi wazazi wawe na subira, maana somo la mwezi haliishi kwa kipindi kimoja. Linachukua majuma mawili ya kutazama kwanza. Anza siku ile hilali inapoonekana. Katika Ramadhani na sikukuu za Idi watu wazima huitafuta wenyewe, na watoto wapo pale pale. Mwezi mwingine wowote unafaa vilevile. Kila jioni, saa moja na nusu, mtoto asimame mahali palepale, achore mwezi ulivyo na mahali ulipo juu ya paa, mnazi au mnara wa simu. Ndani ya juma moja ataona mambo mawili: unanenepa, na kila jioni umesogea upande wa mashariki. Siku ya mwezi mpevu atauona ukichomoza mashariki wakati jua linazama magharibi. Siku zinazofuata atautafuta jioni asiupate, na hapo umwambie autafute asubuhi akienda shule. Watoto wengi huamini mwezi ni wa usiku tu. Kuuona mchana kweupe, saa mbili asubuhi, huwachangamsha sana.

Sisitiza jambo moja: achore anachokiona, asichore cha kitabuni. Picha nyingi za vitabuni zimetoka nchi za kaskazini, na zinaonyesha hilali iliyosimama wima. Kwetu karibu na ikweta, hilali ya jioni hulala chali kama mtumbwi, pembe zake mbili zikitazama juu. Miezi mingine hulala kabisa, mingine huinama kidogo. Sababu ni kwamba huku jua huzama karibu wima, basi mwezi unabaki juu ya pale jua lilipozamia, na upande wake unaong'aa ni ule wa chini, uliolielekea jua. Nimeona madaftari ambamo mtoto alichora mwezi sawasawa na mwalimu akauwekea alama ya kosa kwa sababu haukufanana na kitabu. Tafadhali, mwalimu, toka nje utazame kwanza.

Michoro ikishajaa, ndipo ulete chungwa. Lichome kwenye kijiti. Usiku, chumba kikiwa giza, weka taa moja isiyo na kifuniko upande mmoja, ikiwa kwenye kimo cha kichwa cha mtoto. Taa ni jua, chungwa ni mwezi, kichwa cha mtoto ni dunia. Anyooshe mkono, chungwa likae juu kidogo ya kichwa, ajigeuze polepole kuelekea kushoto. Akiitazama taa, upande wa chungwa unaomwelekea ni giza: huo ni mwezi unapoandama. Akigeuka robo, nusu ya chungwa inang'aa. Akiipa taa mgongo, chungwa lote linang'aa: mwezi mpevu. Mwache azunguke mara nyingi, halafu mwulize swali ambalo hata watu wazima hulikosea: je, mwezi unapungua kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika? Ajibu kwa chungwa lake. Ataona kwamba nusu ya chungwa inamulikwa wakati wote, na kinachobadilika ni kiasi anachokiona yeye. Kivuli cha kichwa chake huliangukia chungwa pale tu anapoliteremsha liwe sawasawa na kichwa, na huko ndiko kupatwa kwa mwezi. Chungwa likiiziba taa, ni kupatwa kwa jua. Akiuliza kwa nini hayatokei kila mwezi, mwambie njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi, hivyo mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya mstari. Naye alikwisha kuona hivyo aliponyoosha mkono juu ya kichwa.

Watoto wa pwani wana kipimo kingine cha mwezi miguuni pao. Bamvua hufuatana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu huja nusu ya mwezi inapoonekana. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi yao kwa maji hayo, na wavuvi wa pweza vilevile. Mpeleke mtoto kwa mmoja wao akaulize. Kisha aandike saa ya maji kukupwa kila siku kwa juma moja karibu na mwezi mpevu, na aweke michoro yake ya mwezi kando ya saa hizo. Ataona maji yanachelewa kila siku, kwa dakika kama 50 kwa wastani wa mwezi mzima, na mwezi nao unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika hizohizo.

Kuhusu ukubwa na umbali, vifaa vya plastiki vinavyouzwa madukani, vyenye sayari zilizopangwa kwenye waya, vinapotosha, na fedha yake ni afadhali inunue mpira wa miguu. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Ukiwa ni dunia, mwezi ni limau la sentimita 6. Mpe mtoto limau, mwambie asimame umbali anaodhani ni sahihi. Wengi husimama hatua moja tu kutoka kwenye mpira. Jibu ni mita 6 na nusu, upana wa darasa zima. Halafu uliza: wanaanga wanaoishi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga wako wapi? Watoto watakwenda katikati ya chumba. Kituo hicho kiko kilomita 400 hivi juu yetu. Kwa kipimo hiki ni milimita 7 juu ya ngozi ya mpira. Acha kimya kidogo kipite. Watahitaji muda wa kulimeza hilo.

Sasa mpira uleule uwe jua. Dunia inakuwa punje ya ulezi ya milimita 2, na inakaa hatua 24 kubwa za mtu mzima kutoka kwenye mpira. Mwezi uko sentimita 6 kutoka kwenye punje, na sentimita hizo 6 ndizo safari ndefu kuliko zote alizowahi kwenda mwanadamu. Mshtarii ni goroli kubwa, ng'ambo kabisa ya uwanja wa mpira, mita 123. Neptuni iko mita 710. Hapo chagua duka au msikiti au kanisa wanalolijua. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua iko zaidi ya kilomita 6,000: kama mpira uko Dar es Salaam, nyota hiyo iko kaskazini ya Italia. Zoezi hili lifanywe kwa miguu, si ubaoni. Miguu ikichoka, namba zinaeleweka.

Vimondo navyo ni somo la beseni. Jaza mchanga mkavu, lainisha juu, nyunyiza tabaka la majivu, kisha tabaka jembamba la unga wa chaki. Mtoto aangushe kokoto kutoka nusu mita, mita moja, mita mbili, na apime upana wa shimo kwa rula kila mara. Ataona kwamba shimo ni kubwa kuliko kokoto, na kwamba majivu ya chini yametapakaa juu ya weupe kwa mistari inayotoka katikati. Mwonyeshe mwezi mpevu, ikiwezekana kwa darubini ndogo ya macho mawili, na ataikuta mistari hiyohiyo. Waambie watoto wakubwa kwamba kokoto zao zimeanguka polepole sana; jiwe la angani hufikia dunia kwa kasi ya kilomita 11 au zaidi kwa sekunde moja.

Aliye karibu na mkoa wa Songwe asikose Kimondo cha Mbozi. Ni bonge la chuma lenye nikeli, urefu wake ni mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Mtoto anaweza kuliwekea mkono kitu ambacho hakikutengenezwa duniani. Akifika pale mwulize shimo liko wapi, maana halionekani. Kimondo hicho kilianguka zamani sana, na mvua, upepo na udongo vimelifuta shimo. Mwezini hakuna mvua wala upepo, ndiyo maana mashimo ya kale bado yapo, na nyayo za Neil Armstrong na Buzz Aldrin za Julai 1969 nazo.

Roketi sitaikalia sana, kwa kuwa watoto hawahitaji kubembelezwa kuipenda. Pitisha uzi mrefu ndani ya mrija wa soda, funga uzi huo kati ya viti viwili, bandika puto lililojazwa hewa kwenye mrija, liachie. Hewa inakwenda nyuma, puto linakwenda mbele, na roketi kubwa inaruka kwa kanuni hiyohiyo. Chupa ya maji inayosukumwa kwa pampu ya baiskeli huruka vizuri zaidi, ila hiyo isimamiwe na mtu mzima, watoto wakae mbali, na asiwepo mtu anayeinama juu yake.

Usiku wa nyota unahitaji giza na uvumilivu kuliko vifaa. Jicho huchukua dakika 15 hadi 20 kuzoea giza, na mwanga wa simu huharibu kazi hiyo mara moja. Funika tochi kwa kitambaa chekundu. Kama mnakwenda kijijini likizo, hiyo ndiyo nafasi. Jioni za Desemba hadi Februari, tafuteni nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Hizo ni za kundi la Orion, na upande wa kaskazini kidogo mtaona Kilimia, kundi dogo ambalo wakulima wetu wamelitumia tangu zamani kujua msimu wa kulima. Bibi au babu akiwepo, yeye ndiye mwalimu wa usiku huo. Mei na Juni, Msalaba wa Kusini uko juu upande wa kusini, na kando yake ni Alfa Sentauri, jirani zetu wa karibu katika nyota. Kuanzia Juni hadi Agosti, kundi la Nge hupanda juu kabisa, mkia wake uliopinda ukiwa ndani ya Njia ya Maziwa. Usimpe mtoto majina yote. Mpe mawili, kisha mwambie aunganishe nyota nyingine kwa mistari yake na aziite atakavyo. Nuru inayokwenda bila kumetameta, ikavuka anga kwa dakika chache baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, huenda ikawa ndicho Kituo cha Anga kinachopita. Programu ya Stellarium kwenye simu itathibitisha, lakini itazameni baada ya kubishana, si kabla.

Kama kuna darubini ya macho mawili, hata ya bei nafuu, iegemezeni ukutani na muielekeze kwenye Mshtarii. Vidoa vidogo vya nuru kando yake ni miezi yake minne mikubwa. Mtoto achore mahali pa vidoa hivyo usiku tatu au nne mfululizo, na atakuwa ameona vikihama, jambo lilelile Galileo Galilei aliloliona Januari 1610.

Mtoto wa Kiafrika husikia mapema sana kwamba anga ni mambo ya Wamarekani na Warusi. Msimwache na fikra hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya Marekani, jukwaa lilikuwa la Italia, na jina lake lilikuwa Uhuru. Kenya ilipata setilaiti yake ndogo ya kwanza, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 2018, na Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Susan Murabana wa Kenya amezunguka na darubini kubwa shuleni na vijijini kupitia The Travelling Telescope, na nchini Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amefanya kazi ya miaka mingi ya kuelimisha umma kuhusu nyota. Wasichana hasa waambiwe habari za Susan Murabana, na kwenye mazoezi haya wao ndio washike rula na darubini, wasigeuzwe waandishi wa kumbukumbu za wavulana.

Maswali yatakuja mengi kuliko majibu yako. Nyota ziko ngapi? Mungu yuko upande gani wa anga? Tukifika mwisho wa anga kuna nini? Swali la dini lijibiwe kwa heshima na kwa imani ya nyumbani. Elimu ya anga haijawahi kuwa mgeni katika dini, kwa kuwa mwezi ndio unaopanga Ramadhani, na Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu. Swali usilolijua, liandikeni kwenye karatasi ukutani, na mlitafutie jibu pamoja Jumamosi. Kinachoua udadisi ni mtu mzima anayesema "hilo si swali la mtoto". Na ukikuta kitabu cha zamani chenye sayari tisa, usikitupe: mwambie mtoto kwamba wanaastronomia walikaa mwaka 2006 wakaitoa Pluto kwenye orodha, na mjadiliane kwa nini wenye elimu hubadili mawazo.

Mwisho kuna tarehe ya kuandika. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, mchana, jua litapatwa. Waswahili walioko Jeddah na Makka wataliona likifunikwa lote. Kenya, Uganda na kaskazini ya Tanzania tutaona sehemu tu ikimegwa. Kumegwa kwa sehemu ni hatari kwa macho kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndani ya jicho panapoungua hapana maumivu. Filamu ya eksirei haikingi, miwani ya kawaida ya jua haikingi, kioo kilichopakwa masizi hakikingi, na kutazama jua ndani ya beseni la maji, desturi iliyoenea kwetu, nako si salama. Miwani maalumu ya kutazamia jua yenye kiwango cha ISO 12312-2 ndiyo inayofaa, na iwe haina mkwaruzo.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni tundu la pini. Toboa karatasi ngumu, mpe jua mgongo, acha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyeupe mita moja mbele yako. Kiduara cha milimita 9 hivi kitakachotokea ni picha ya jua lenyewe. Fanyeni zoezi hili sasa, siku yoyote ya jua kali, na mwulize mtoto: tukikata tundu dogo la pembetatu, picha itakuwa ya umbo gani? Kisha mpeleke chini ya mwembe, atazame viduara vya mwanga vilivyotapakaa ardhini kati ya majani. Siku ya kupatwa, kila kimoja kitakuwa kimemegwa upande mmoja. Tarehe hiyo iandikeni kwenye kalenda ya nyumbani na ya shule leo, na karatasi zenye matundu ziwe tayari kabla ya Julai kwisha.